Herufi Mbili

Jumatatu, darasa la nne B, Buguruni.
Mvua ya usiku imetuachia dimbwi mpaka mlangoni.
Nikawaambia: chora mtu wa historia.
Watoto hamsini na watatu, penseli fupi kama vidole gumba,
wakainama.

Nikakusanya.
Ndevu. Ndevu. Mkuki. Ndevu. Bunduki.
Mmoja kampanda farasi,
na farasi Buguruni hajawahi kupita.
Tunu alichora mwanamke,
kisha akamfuta, akamfuta tena,
karatasi ikatoboka pale ulipokuwa uso.
"Nilikosea, mwalimu."

Sikumgombeza. Nililitazama lile tundu
hadi rimu ya lori ikagongwa, wakatoka mbio.

Kazi ya nyumbani nikawapa hii:
nenda kwa bibi, kwa shangazi, kwa mpangaji wa chumba cha uani,
muulize enzi zake alifanya nini.
Usimkatize. Andika asemavyo.

Jumatano madaftari yakarudi
yananuka vitunguu na mafuta ya taa.

Rehani akasoma:
Bibi amesema yeye hakufanya kitu.
Alikuwa anapika uji tu, kule bandarini.
Makuli walipogoma aliwapikia siku tisa bila senti,
bangili zikaenda, unga ukaja,
siku ya kumi mkono mtupu, sufuria limejaa.
Basi, amesema. Ni hivyo tu.

Siwatu akasoma:
Shangazi yake baba alikuwa mcheza ngoma tu.
Ila kwenye mkunjo wa kanga, kiunoni,
alibeba kadi za chama, hamsini hamsini,
na askari alipowasimamisha njia ya Ilala
wakamchezea pale pale barabarani
mpaka akasahau alichotaka kuuliza.

Shomvi, ambaye hasomi kwa sauti hata umbembeleze,
akasimama mwenyewe:
Bi Mgeni mkunga hajui kuandika.
Kila mtoto aliyempokea, fundo moja kwenye kamba.
Nimehesabu mia sita na kumi, umeme ukakatika.
Amesema, nilikuwa nadaka tu.
Halafu, taratibu, bila kutazama daftari:
"Fundo langu amenionyesha. Liko karibu na mwisho."

Nikageukia ubao.
*Tu.*
Chaki ikavunjika.
Neno la herufi mbili, kamlango kadogo namna hii,
na wanawake wote wale wamepenya humo, wamejificha.
Likateni, nikasema. Kila mlipoliandika, pigeni mstari.
Wakapiga kwa rula, wengine kwa hasira.
*Alipika tu* ikabaki *alipika*,
sentensi ikanyooka
kama mtu aliyetua ndoo.

Tunu akainua mkono.
"Mwalimu, mimi langu naomba lisikatwe."
Kwa nini?
"Bibi akiulizwa na wenzake, hamjambo huko?
hujibu, *tu wazima*.
Na hiyo nayo ni tu."

Miaka kumi na saba nafundisha Kiswahili.
Nilisimama pale na kipande cha chaki
kama mtoto aliyeitwa jina lake asijue swali.

Alichukua karatasi yake ya Jumatatu
akaiweka usoni,
jicho likatokea kwenye tundu, linapepesa.
Darasa zima likaangua kicheko. Mimi pia.

Jioni nilimpigia mama, Mbagala.
Mama, enzi zako ulifanya nini?
"Mimi?" Akacheka. "Nilikuwa nauza maandazi tu, si unajua."
Rudia, nikamwambia. Bila neno la mwisho.
Kimya.
Nikasikia anatua kitu chini,
kizito,
sufuria pengine.
"Nilikuwa," akaanza.